Blanki Iliyofika Kisumu Imevunjika: Tulivyoitengeneza Kabla ya Kuichonga

Blanki yenyewe, povu la kuchongea ubao wa mawimbi, ilikuwa ya poliyurethani, urefu sentimita 295, upana 61, unene 9.5 katikati. Ilitoka Mombasa ndani ya buti la basi, zaidi ya kilomita 800 kupitia Nairobi, Nakuru na Kericho, ikilaliwa na mizigo ya watu wengine. Wenye mali ni kikundi cha vijana wanaofundisha kuogelea na kupiga kasia hapa Dunga, ufukwe wa Kisumu kwenye Ziwa Victoria. Walitaka ubao mmoja wa mawimbi, mrefu na mtulivu, ambao mwanafunzi anaweza kulala juu yake akapiga maji kwa mikono, na mwalimu akaupanda vilevile upepo wa mchana unapoinua mawimbi ziwani. Aliyewauzia huko Pwani alikuwa amebakiwa na hiyo moja tu. Walipofungua gunia wakaona hali yake, wa kwanza kunipigia simu aliniuliza kama kuna kitu cha kufanya au waikate vipande vya kufundishia watoto kuelea.

Kwa asiyewahi kuiona: blanki ni povu gumu lililomiminwa kwenye kalibu likatoka na umbo la jumla la ubao, nene na pana kuliko inavyohitajika, limeinuka kidogo mbele na nyuma. Katikati limepasuliwa kwa urefu na kugandishwa tena na uti mwembamba wa mbao. Mchongaji analipunguza kwa randa na msasa mpaka ubao utokee, kisha ubao unavikwa kitambaa cha faiba na rezini, gundi ya majimaji inayokauka ngumu. Kabla ya kuvikwa faiba povu hili halina ulinzi wowote. Uzito wake ni kilo 35 hadi 50 hivi kwa mita ya ujazo, na ukilibonyeza kwa kidole gumba alama inabaki pale. Chembe zake zikishapondwa hazirudi.

Tuliilaza juu ya farasi wawili wa mbao, vile viunzi vya kulazia kazi, waliofungwa vipande vya godoro, tukaikagua kutoka mbele hadi mkiani. Ncha ya mbele ilikuwa imesagika, kama sentimita 14. Kamba ya kufungia mzigo ilikuwa imezama kwenye kingo mahali patatu na kuacha mifereji yenye kina cha milimita 8. Upande wa tumbo, yaani upande unaogusa maji, kitu chenye kona kilikuwa kimetoboa shimo la upana wa sentimita 4 na kina cha 3. Karibu na mkia, ukingo wa kulia ulikuwa umelowa mafuta ya injini. Na sentimita 80 kutoka mkiani kulikuwa na jambo zito kuliko yote: ufa uliokata nusu ya kulia yote, kutoka ukingoni hadi kwenye uti, juu hadi chini. Uti wenyewe haukuvunjika, lakini povu lilikuwa limebanduka kutoka kwenye mbao kwa urefu wa kama sentimita 30. Ukiinua mkia, nusu ile ilifunguka na kufunga kama mlango.

Rangi ya manjano iliyotapakaa juu ilimtisha mmoja wa vijana kuliko hata ufa. Hiyo ni kazi ya jua tu, haiingii ndani, na randa huiondoa katika mpito wa kwanza.

Kwanza kujua ni povu gani

Kabla ya gundi yoyote lazima ujue unachoshika. Povu la polistirini, lile jeupe la kufungia televisheni, ukilivunja unaona punje za mviringo zilizoshikana. Poliyurethani haina punje. Ukiisugua inatoa unga laini unaokaa hewani. Tofauti hii inaamua kila kitu kinachofuata, kwa sababu rezini ya poliesta wanayotumia mafundi wengi wa boti hapa ina staireni, na staireni huyeyusha polistirini mbele ya macho yako. Poliyurethani inaivumilia. Tulichukua kibonge kutoka kwenye ncha iliyosagika, tukakidondoshea rezini iliyochanganywa tayari, tukasubiri ikauke. Povu halikunywea. Basi tulikuwa huru kuchagua poliesta au epoksi, rezini ya aina nyingine.

Mafundi wetu wa jua kali wana desturi ya kujaribu plastiki kwa kiberiti: unachoma, unanusa, unajua. Kwa poliyurethani nakusihi usifanye hivyo. Moshi wake una sianidi, tena kwenye kibanda kisicho na dirisha kubwa hata kidogo kinatosha kumwangusha mtu.

Nieleze pia kwa nini hatukusema tu waagize nyingine. Povu hili liliingia kwenye mbao za mawimbi huko California mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati Hobie Alter na Gordon Clark walipotafuta kitu badala ya mti wa balsa. Clark baadaye akawa na kiwanda kilicholisha wachongaji wengi kabisa wa Marekani, na alipokifunga ghafla mnamo Desemba 5, 2005, bei zilipanda na watu wakahangaika kutafuta blanki. Ikiwa waliokaa kando ya kiwanda waliweza kukosa, sisi tulio kando ya ziwa, mbali hivi na bahari, blanki moja ikitufikia tunaishughulikia kwa heshima.

Ubao uchorwe kabla ya kuziba chochote

Hapa ndipo kazi nyingi za aina hii zinapoharibikia, nami nitakaa hapa kidogo. Mtu akiona mashimo anashika fila. Anaziba kila kitu, anasawazisha, blanki inapendeza, halafu anachukua msumeno na kukata nusu ya alivyoziba akavitupa pamoja na vumbi. Mbaya zaidi, kile kilichobaki ndani ya ubao kimezibwa kwa kitu kigumu kuliko povu, na randa ikifika pale inaruka.

Blanki ya sentimita 295 ilikuwa inaenda kuwa ubao wa 274. Upana wa 61 ulikuwa unashuka hadi 57, unene wa 9.5 hadi 8. Kuna sentimita 21 za urefu, 4 za upana na 1.5 za unene ambazo zitaondoka kwa vyovyote. Swali la kwanza kwa hiyo ni: uharibifu upi umo ndani ya ubao, na upi umo ndani ya takataka?

Tulikata kiolezo cha nusu ubao kutoka kwenye plaiwudi nyembamba, tukakilaza kando ya uti, tukachora kwa penseli laini upande huu na ule. Majibu yalitoka palepale. Mifereji ya kamba ilienea juu ya uso kutoka ukingoni kuelekea ndani kama sentimita 3. Ukishakata 2, inabaki 1 tu, na hiyo iko mahali ambapo ukingo utachongwa kuwa mviringo. Mifereji yote mitatu haikuhitaji hata tone la gundi. Doa la mafuta lilibaki ndani kidogo. Shimo la tumboni lilibaki. Ufa ulibaki wote.

Ncha ya mbele ilitupa mawazo zaidi. Kwa kawaida ungeweka kiolezo katikati, sentimita 10 na ushei zibaki mbele na 10 nyuma. Kwa kuwa 14 za mbele zilikufa, ilibidi kukisogeza nyuma zibaki 16 mbele na 5 mkiani. Kwenye karatasi ni hesabu ndogo, lakini blanki ina mpindo wake iliozaliwa nao kalibuni, na ukisogeza ubao nyuma unapoteza sehemu ya mwinuko wa mbele na kuuongeza mkiani. Baharini, kwenye wimbi refu, huenda usijali. Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, si bahari. Maji yake hayana kina kirefu, na mawimbi yanayoletwa na upepo wa mchana ni mafupi, yamesimama, yamefuatana karibu karibu. Ubao wenye pua ya chini unachoma ndani ya wimbi la pili kabla haujamaliza la kwanza.

Tungeweza kuibandika ile ncha. Tuliitazama, lakini ilikuwa imesagika mno, ingekuwa kubandika vumbi. Tukaamua kurudisha mwinuko kwa randa: kwenye sentimita 40 za mbele tungepunguza zaidi upande wa tumbo na kuacha mgongo bila kuguswa. Pua ingekuwa nyembamba kidogo. Niliona ni gharama ndogo.

Kijana mmoja alipendekeza njia nyingine: tukate pale penye ufa tupate ubao mfupi wa mita mbili na kitu. Nilimwelewa, ilikuwa njia ya mkato iliyo safi. Lakini ubao wa sentimita 274 wa umbo hili una ujazo wa kama lita 70, na hizo ndizo zinazombeba mtu. Tena ziwa letu ni maji baridi. Maji ya bahari ni mazito zaidi kwa asilimia 2.5 hivi, kwa hiyo ubao uleule ukiwa Diani, huko Pwani, unapata msaada wa karibu kilo 2 ambazo Dunga hauzipati. Mwanafunzi mtu mzima juu ya ubao wa mita mbili ziwani angekuwa anaogelea na mzigo. Urefu ulibaki, na kwa sababu hiyohiyo hatukukubali kuondoa unene zaidi ya ule wa mpango.

Fimbo mbili za mzee

Nilikuwa tayari kuanza kugandisha ufa. Mzee mmoja anayeunda boti za mbao za wavuvi pale ufukweni alipita kibandani, akasimama mlangoni akiitazama blanki kutoka upande wa mkia, jicho moja amelifumba.

"Mzee, karibu. Unaionaje?"

"Umeshaitazama kama imejipinda?"

"Nimepima uti kwa uzi, mzee. Umenyooka."

"Uti sawa. Mimi nauliza mabawa yake." Akaomba fimbo mbili zilizonyooka. Nikampa papi mbili za dari, za urefu sawa. Moja akailaza kukatiza blanki karibu na pua, nyingine karibu na mkia, akarudi nyuma hatua chache, akainama mpaka macho yake yakawa sawa na fimbo ya mkiani. "Njoo uone, fundi. Ufa unauona kwa sababu umefunguka. Hii hapa haijafunguka popote."

Niliinama pale alipokuwa. Fimbo ya mbele na ya nyuma hazikulingana: upande wa kulia wa ile ya mkiani ulikuwa umeshuka karibu sentimita moja. Nusu iliyovunjika ilikuwa imelegea na kuning'inia kwa uzito wake yenyewe, na uti, kwa kuwa ni mwembamba, ulikuwa umekubali kupindishwa kidogo. Kama tungegandisha hivyo, ubao ungezaliwa umejisokota, na ubao uliojisokota unavuta upande mmoja maisha yake yote. Mchongaji anaweza kuusawazisha kwa randa, lakini kwa kula unene, na unene tulikuwa tumeshaufanyia hesabu.

Tuliingiza kabari nyembamba za mbao chini ya ukingo wa kulia, tukipandisha kidogo na kutazama, tukipandisha na kutazama, mpaka fimbo mbili zikawa mstari mmoja. Mzee akasema, "Sasa mwagia gundi yako, na fimbo zisiondoke hapo mpaka ikauke." Ndivyo tulivyofanya.

Ufa

Gundi ilijadiliwa kwa muda mrefu kuliko kazi yenyewe. Gundi nyeupe ya seremala inashika vizuri, lakini hukauka kwa kupoteza maji, na ndani ya povu lenye chembe zilizofungwa maji yale hayana pa kwenda. Katikati ya ufa ingebaki mbichi kwa siku nyingi. Epoksi iliyochanganywa na unga mwepesi wa vioo ni imara, na kwa ubao uliovunjika kabisa, uti ukiwemo, ningeichagua hiyo. Hapa uti ulikuwa mzima. Fila ya magari, ambayo kila fundi wa panelbiti Kisumu anayo, niliikataa moja kwa moja: ni nzito, inakauka ngumu kama jiwe, na msasa ukipita juu yake unakula povu la pembeni na kuiacha yenyewe imesimama. Povu la kopo la kuzibia fremu za milango nalo lina vitundu vikubwa visivyolingana, linachanika likisuguliwa.

Tulichukua gundi ya poliyurethani, ile inayokauka kwa kunyonya unyevu na kuvimba kidogo inapokauka. Ikishakauka nayo ni aina ya povu, gumu kidogo kuliko blanki lakini inayosugulika. Tuliijaribu kwanza kwenye vipande viwili vya ncha iliyokufa: tukavigandisha, kesho yake tukavivunja kwa mikono. Vilivunjikia pembeni ya gundi, ndani ya povu lenyewe. Hilo ndilo unalolitaka kuona.

Nyuso za ufa hatukuzipiga msasa. Zimevunjika zikiwa na meno yanayoingiana, na meno hayo ndiyo yanayokuonyesha kuwa kila kitu kimerudi mahali pake. Ukiyasawazisha unapoteza alama hiyo na unabaki na pengo. Tulipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli, ufa ukiwa umefunguliwa milimita chache tu. Upande mmoja tukanyunyizia maji kidogo sana, ukungu tu. Upande wa pili tukapaka gundi kwa kadi ya plastiki iliyokatwa nyembamba, safu ya kuficha rangi ya povu na si zaidi. Pale povu lilipobanduka kwenye uti tuliingiza gundi kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tukianza sehemu ya ndani kabisa na kurudi nje, ili hewa isizibiwe ndani.

Kisha kubana. Koleo za seremala zingezama kwenye povu. Tulikata tyubu kuukuu za baiskeli kuwa mikanda mirefu, tukazungusha blanki nzima upana wake, na chini ya kila mkanda ukingoni tukaweka kibao kilichofunikwa kadibodi na nailoni ili gundi isikishike. Mpira unabana polepole na unaendelea kubana gundi inapovimba, ila usivute kwa nguvu zako zote: kazi yake ni kuzuia gundi isisukume nusu mbili zikaachana, basi. Juu na chini ya ufa tuliacha wazi, gundi ikapata pa kutokea. Ilitoka, ikavimba, ikasimama kama ukingo wa njano juu ya mstari wote. Fimbo za mzee tulizitazama tena, kabari moja ikasogezwa kidogo.

Kesho yake tuliukata ule ukingo wa njano kwa wembe mpya, tukilaza wembe juu ya povu. Kuung'oa kwa mkono kungenyofoa vipande vya blanki pamoja nao.

Kisha randa, ndipo shimo

Baada ya ufa watu walitaka tumalizie na shimo. Nilisema hapana, tuchonge tumbo kwanza. Ufa ulihitaji kuja mapema kwa sababu blanki isiyo na nguvu huwezi kuipiga randa; itatetemeka na kufunguka. Shimo halina haraka hiyo. Upande wa tumbo tulikuwa tunaondoa sentimita moja na zaidi, na tulipoiondoa, shimo la kina cha 3 likabaki chini ya 2, nalo likawa jembamba zaidi. Karibu unene wote wa ziada tuliutoa tumboni kwa makusudi. Povu la poliyurethani ni zito zaidi karibu na uso wake na jepesi katikati, na mgongo ndio unaopigwa magoti na visigino. Anayechonga mgongo kwa kina ili kufuta mikwaruzo anatupa povu lake bora.

Kiraka kilitoka kwenye ncha iliyokatwa, sehemu yake nzima. Povu la blanki ileile lina ugumu uleule na rangi ileile, hakuna fila inayoweza kushindana nalo. Tulilipanua shimo kwa kisu kikali likawa na pembe nne na kuta zinazoinama kidogo kwenda ndani, tukachonga kiraka kikalingana, kikaingia kwa kusukumwa na kidole kimoja, kikabaki kimechomoza milimita 3. Gundi ileile, safu nyembamba zaidi.

Doa la mafuta lilitaka ukatili kidogo. Rezini haishiki penye mafuta, na mafuta yaliyoachwa chini ya faiba yanakuja kuwa lengelenge. Tulikata povu hadi unga uliotoka ukawa mkavu, tukabonyeza karatasi ya shashi mahali pale kuhakikisha haichukui alama, kisha tukaongeza kata moja tena. Pengo likawa kabari ndefu ya unene wa sentimita moja na nusu ukingoni. Tukalijaza kwa kipande kilichotoka kwenye kingo tulizokata kwa kiolezo.

Kuchonga juu ya gundi ndiko kunakoonyesha kama matengenezo yalikuwa ya kweli. Gundi hata iwe laini namna gani ni ngumu kuliko povu, na mkono wenye msasa mtupu utalifuata povu na kuuacha mstari wa gundi umeinuka. Tulitumia kibao cha msasa kirefu kama mkono, kigumu, tukikipitisha mshazari juu ya viungo bila kukitua hapo. Taa ya umeme tuliifunga ukutani kwa kimo cha blanki ili mwanga upite juu ya uso kwa ubavu. Ukiinama unaona kila kilima kwa kivuli chake. Pale mstari wa ufa ulipokataa kushuka tuliuchimba kwa wembe, kina cha milimita 2, tukajaza fila nyepesi ya ukutani, tukasugua. Fila hiyo ni dhaifu, rezini haiishikilii vizuri, kwa hiyo inaruhusiwa kwenye mstari mwembamba tu. Sijawahi kuipenda ikipakwa kwa upana.

Barakoa na miwani viwepo muda wote. Vumbi la poliyurethani linakaa kifuani, na hadina ya poliesta, dawa inayoigandisha rezini, ikirukia jichoni inaweza kulipofusha.

Faiba

Nguvu ya ubao wa namna hii iko kwenye ngozi. Ubao ukipinda, faiba ya mgongo inabanwa na ya tumbo inavutwa, na povu linazitenganisha tu. Ndiyo maana ufa kwenye blanki si janga kama ufa kwenye ubao uliokamilika: huku ngozi haijazaliwa, na itakapozaliwa itapita juu ya kiungo ikiwa nzima. Hata hivyo tuliongeza ukanda wa kitambaa cha gramu 200 kwa mita ya mraba, juu na chini, ukivuka mstari wa ufa sentimita 15 kila upande, chini ya safu mbili za mgongo na moja ya tumbo.

Kisumu ina tabia zake. Mchana joto hufika nyuzi 29 au 30, na rezini inakimbia. Tulishusha hadina hadi karibu asilimia 1. Hewa iliyo ndani ya povu nayo hupanuka joto linapopanda na kutoboa vitundu kwenye rezini mbichi, hasa kwenye viungo, kwa hiyo inafaa kuvika faiba joto likiwa linashuka. Lakini jioni ndipo mawingu ya vijidudu vya ziwani yanapofuata taa, na kila kijidudu kikitua kwenye rezini kimekuwa sehemu ya ubao. Tuliziba madirisha kwa chandarua, tukaanza jua likiwa bado lina mwanga wa kutosha, taa zikazimwa.

Ubao ulitoka na uzito wa kilo 6 na kitu. Ukiugeuza juani unaona mstari wa ufa chini ya faiba, wenye rangi ya chai ya maziwa, na kiraka chenye pembe nne tumboni. Vijana waliulizwa kama wanataka rangi ya kuuficha. Wakakataa, nami nilifurahi, kwa sababu mstari unaoonekana unakaguliwa.

Na unakaguliwa hivi. Kila wanapoutoa majini wanapitisha kucha juu ya mstari, mgongoni na tumboni, wakitafuta ufa mwembamba kama unywele kwenye rezini. Wanabonyeza kwa kidole kandokando yake wakisikiliza mlio wa kukwaruza, dalili kwamba faiba imeachana na povu. Doa la kijivu likitokea chini ya faiba, maji yameingia. Hapo ubao hautarudi ziwani hata kwa somo moja: utalazwa kivulini, faiba ifunguliwe upande wa tumbo kwenye doa lenyewe, povu likauke kabisa, na ukanda mpya upite pale palipofunguliwa kwa upana uleule wa sentimita 15.